Makaburi ya jamaa mu udongo wetu: mambo ya kujua mbele ya kuchimba shimo

Mutu anapokufa, swali moja linakuja hata mbele ya machozi kukauka: tutamuzika wapi? Kwa wengi wa muji jibu ni makaburi ya wote. Lakini kwa jamaa nyingi za Kabare, Walungu, Lubero, Masisi, Fizi ao Irumu, jibu linajulikana tangu zamani: nyuma ya nyumba, mu migomba, kandokando ya babu.

Shida ni kwamba uamuzi huu unakamatwa karibu kila mara usiku mumoja tu, watu wakiwa kilioni. Vijana wanapewa chepe na sururu, asubuhi shimo iko tayari. Hakuna aliyeuliza kama udongo uko na karatasi, kama maji ya chemchemi iko karibu, wala kama ndugu yule wa Kisangani anakubali. Maswali yale yanakuja nyuma, miaka kumi ao makumi mbili, siku parseli inauzishwa ao siku watoto wanagawanya urizi. Wakati ule kaburi inakuwa chanzo cha ugomvi.

Habari hii inaeleza, hatua kwa hatua, namna jamaa inaweza kutenga pahali pa kuzikia watu wake mu udongo wake: sheria inasema nini, desturi inasema nini, na mambo gani yanapashwa kuangaliwa juu ya maji na magonjwa.

Kwa nini watu wanazika nyumbani

Sababu ya kwanza ni desturi. Kwa makabila mengi ya Kivu na Ituri, mufu hatoki mu jamaa. Anabaki karibu na watoto, na muti unaopandwa pale, mara nyingi ficus ao dracaena, unaonyesha kwamba mutu amelala chini. Mutoto anayekua anajua kwamba pale hawachezi na hawakati muti.

Sababu ya pili ni udongo wenyewe. Huko Bushi, jamaa iliyopata shamba kwa njia ya kalinzi, ni kusema iliyotoa kitu kwa mwami ao kwa mujumbe wake ili ipate udongo wa kuachia wana, ilikuwa na mashahidi wawili: wazee waliokuwa pale siku ya kutoa, na makaburi. Mu baraza, mutu anayeweza kuonyesha babu yake alipolala anasikilizwa. Yule aliyepewa shamba ya kulima kwa muda tu, ile wanaita bwasa, hakuruhusiwa kuzika pale, juu kuzika ni sawa kusema: hapa ni petu.

Sababu ya tatu ni ya leo. Makaburi ya miji imejaa. Bukavu, makaburi ya Ruzizi imesongwa na nyumba za watu. Goma inapanuka juu ya mawe ya volkano, na wafu wanapelekwa mbali zaidi, mpaka teritwari ya Nyiragongo. Kuzika mu muji kunaomba feza ya pahali, ya gari, ya kuchimba na ya simenti. Mutu aliye na shamba mahali anafikiri: kwa nini nisimupeleke nyumbani?

Sababu hizi zote ni za kweli. Lakini hakuna hata moja inayoondoa kazi ya kutengeneza mambo vizuri.

Udongo ni wa nani?

Mu inchi yetu, sheria ya tarehe 20 julai 1973 juu ya mali na udongo, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake. Raia hana udongo wenyewe: anapewa haki ya kuutumia. Haki ile inaitwa konsesio.

Kuko konsesio ya milele, ile inayopewa raia wa Kongo, na kuko konsesio ya kawaida, yenye muda, ambayo mara nyingi haipite miaka 25 lakini inaweza kurudilishwa. Ndiyo sababu jambo la kwanza la kuangalia ni karatasi yenyewe. Kama udongo wako uko na muda, na muda unakaribia kwisha, usianze kuzika pale bila kurudilisha mukataba. Kaburi haina muda.

Haki juu ya konsesio inashuhudiwa na sertifika ya kuandikisha, ile watu wanaita titre, inayotolewa na konservateri wa titre za udongo. Mukataba wa kununua uliosainiwa mbele ya shefu wa avenue, fishi ya parseli, ao karatasi ya shefu wa kartye, vyote ni vizuri kuwa navyo, lakini haviko titre. Na sertifika, miaka miwili ikishapita tangu itolewe, ni nguvu sana kuipinga mbele ya tribinali. Jamaa moja inaweza kuwa na makaburi ya vizazi vitatu, na mutu mwingine akawa na titre ya pahali pale pale. Vita ya namna hii tunaiona kila siku.

Sasa udongo wa vijijini? Sheria ya 1973 inatambua kwamba kuko udongo unaokaliwa na kulimwa kwa desturi. Ilisema kwamba haki za wakaaji wale zitapangwa na ordonansi ya Raisi. Ordonansi ile ilingojewa kwa makumi ya miaka, na ndiyo maana vijijini watu wameendelea kufuata desturi: mwami, shefu wa gurupema, shefu wa lokalite. Katiba ya tarehe 18 februari 2006, katika kifungu cha 34, inasema kwamba Leta inalinda haki ya mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Kwa hiyo udongo wa desturi hauko udongo wa bure. Lakini mwenyi kuutumia anapashwa kuwa na kitu cha kuonyesha: PV ya kupewa udongo, majina ya mashahidi, mipaka inayojulikana.

Pahali ambapo haufai kuzika hata kama umeishi pale miaka mingi:

– mu plantasio ao feremu ya mwingine ambamo uko mufanyakazi ao mupangaji wa shamba;
– ndani ya mipaka ya mbuga ya wanyama, sawa vile Virunga, Kahuzi-Biega ao Maiko;
– mu udongo wa Leta uliotengwa kwa kazi ya wote: kando ya barabara kubwa, shule, kituo cha afya, kingo za muto na za ziwa;
– mu parseli yenye kesi ambayo haijakatwa. Kuzika pale ili kujipa haki kunaongeza tu hasira, na hakimu anaweza kuona kwamba ulikuwa unatafuta kumulazimisha.

Muji na kijiji haviko sawa

Mu kijiji, kuzika nyumbani kunakubaliwa na desturi, na shefu wa lokalite akijulishwa, mara nyingi mambo inaisha pale. Mu muji iko tofauti. Huko makaburi iko chini ya utawala wa muji na wa komini, na mutu anapashwa kuzikwa pahali palipotengwa. Kuzika mu parseli ya muji bila ruhusa kunaweza kuleta huduma ya usafi, polisi, na majirani wenye hasira.

Wanayo sababu. Parseli ya metre 15 kwa 20 iko na nyumba, choo, jikoni, pengine na sitima ya maji. Pahali pa kaburi panatoka wapi? Na jirani, ukuta wake uko metre mbili toka pale. Kwa hiyo kama unakaa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira, Kindu ao Kalemie, na unataka jamaa yako iwe na makaburi yake, njia ya salama ni kutafuta pahali inje ya muji: shamba ya jamaa kule kijijini, ao kipande cha udongo ambacho jamaa nzima inachangia kununua.

Usisahau kwamba muji unatembea. Pahali palipokuwa shamba mwaka 1990, leo ni kartye. Ukichagua udongo ulio karibu na mwisho wa muji, uliza biro ya kadastri na ya irbanisme kama hakuna barabara ao lotisema iliyopangwa pale. Leta ikihitaji udongo kwa faida ya wote, iko na sheria ya tarehe 22 februari 1977 juu ya kunyanganya udongo kwa kulipa. Mwenyi karatasi analipwa. Asiye na karatasi anapewa siku chache za kuhamisha mifupa.

Makaratasi ya kifo

Watu wengi wanafikiri kwamba ukizika kwako hauhitaji karatasi. Ni kosa, na wanaoumia ni mujane na watoto.

1. Kama mutu amekufa hospitali, omba sertifika ya kifo yenye saini ya munganga. Kama amekufa nyumbani, julisha kituo cha afya cha karibu na shefu wa lokalite ao wa kartye. Kama kifo kimekuja kwa risasi, ajali, ao pigo, polisi ao parke inapashwa kujua mbele ya kuzika. Nyuma, ushahidi utakuwa chini ya udongo.

2. Enda biro ya eta-sivili ya komini, ya sekta ao ya sheferi kuandikisha kifo. Pale wanatoa akti ya kifo. Fanya ile haraka, usingoje mwisho wa kilio.

3. Omba ruhusa ya kuzika. Mu muji ni lazima. Mu kijiji, hata barua ya shefu wa lokalite yenye tarehe na muhuri inasaidia.

4. Kama mwili unatoka muji mumoja kwenda mwingine, omba pia karatasi ya kusafirisha mwili. Njiani kuko bariere nyingi, na gari yenye sanduku bila karatasi inaweza kulala pale.

Bila akti ya kifo, mujane hapati feza ya bwana aliyekuwa mutumishi wa Leta, watoto hawafungui urizi, na konservateri hatabadilisha jina kwenye titre.

Mukutano wa jamaa

Hii njo hatua ambayo jamaa nyingi zinaruka, na ndiyo inayozaa kesi nyingi. Makaburi ya jamaa si ya mutu mumoja. Baba akishakufa, udongo wake unakuwa wa warizi wake wote pamoja mpaka wagawanye. Kodi ya jamaa, sheria ya tarehe 1 agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto katika kikundi cha kwanza cha warizi: watoto waliozaliwa mu ndoa na wale waliozaliwa inje lakini baba aliwatambua, wanaume kwa wanawake, bila ubaguzi. Wanapata robo tatu ya urizi. Bibi ao bwana aliyebaki, wazazi na ndugu za marehemu wako katika kikundi cha pili.

Kwa hiyo mutoto mukubwa hawezi kusema peke yake: hapa patakuwa makaburi. Wala baba mudogo. Muite wote, na walio mbali wasikilizwe kwa telefone. Kisha andika PV yenye majibu ya maswali haya:

– Ni kipande gani cha udongo? Upana na urefu ni ngapi, mipaka ni nini?
– Nani iko na haki ya kuzikwa pale? Watoto wa kiume tu na wabibi zao, ao pia mabinti walioolewa? Wajukuu wa upande wa binti? Mutoto aliyelelewa mu jamaa?
– Nani anashika daftari na ufunguo?
– Nani anatoa feza ya kutunza, na kila mwaka ngapi?
– Kama sehemu ingine ya shamba inauzishwa, makaburi itabaki ya nani?

Swali la wanawake linaomba maneno wazi. Kwa desturi, bibi anazikwa kwa jamaa ya bwana. Lakini kama mahari haikumalizika, wakwe wanaweza kukatalia mwili mpaka deni ilipwe, na tunajua wafu waliobaki morge siku nyingi kwa sababu hiyo. Na binti aliyeachwa ao mujane aliyerudi kwao, mara nyingi anaambiwa kwamba hana pahali. Andikeni mapema. Mutu asipigiwe kura akiwa mu sanduku.

Muzee aliye hai anaweza pia kuandika mapenzi yake. Testama iliyoandikwa yote kwa mukono wake, na tarehe na saini, inatambuliwa na sheria. Aseme anataka kuzikwa wapi, na kipande gani kisigawanywe. Neno la muzee linatuliza vijana kuliko hotuba ya mwanasheria.

Kuchagua pahali: angalia maji kwanza

Mwili ukioza, majimaji yanashuka mu udongo. Kama chini kuna maji ya kisima ao chemchemi, watu wanaweza kuyanywa bila kujua. Kanuni za Sphere, zile mashirika ya misaada yanafuata mu inchi nyingi, zinaomba kaburi iwe mbali na maji ya kunywa yanayotoka chini ya udongo metre 30 ao zaidi, na chini ya shimo ibaki angalau metre 1 na nusu juu ya maji ya ardhini.

Metre 30 ni kiasi cha chini kabisa. Kwetu milimani, mara nyingi chemchemi iko bondeni na nyumba iko juu. Ukizika juu ya mulima na watoto wanachota chini yake, sogea mbali zaidi, ao hamia upande mwingine wa kilima. Namna rahisi ya kujua: chimba shimo ya kujaribu wakati wa mvua. Ukikuta maji mbele ya kufika metre 3, pahali pale hapafai.

Angalia na mambo haya:

Mutelemuko. Udongo wa Bukavu, Kalehe, Uvira na Lubero unatelemuka. Watu wa Bushushu na Nyamukubi, teritwari ya Kalehe, hawatasahau tarehe 4 mei 2023, maji na mawe yalipobeba nyumba na mamia ya watu. Uvira, mwezi wa aprili 2020, muto Mulongwe ulijaa na kubomoa kartye. Maji ya namna ile haichagui kati ya nyumba na kaburi. Usizike kwenye kingo za muto, mu korongo, ao chini ya mulima uliokatwa miti.

Aina ya udongo. Goma na Nyiragongo, chini ni jiwe la volkano, na kuchimba kwa sururu kunakamata siku nzima. Watu wanaishia kuzika juujuu. Kaburi isiyo na kina inafukuliwa na imbwa na mvua. Ukishindwa kufika metre 1 na nusu, tafuta pahali pengine penye udongo, ao usitumie pale kwa makaburi mengi.

Njia. Acha njia ya kupita. Siku moja kaburi itakuwa nyuma ya shamba ya mutu mwingine, na mama atataka kuleta maua.

Ukubwa. Hesabu ni rahisi. Kaburi moja pamoja na nafasi ya kando inakula kama metre 2 na nusu kwa 1 na nusu. Makaburi 20 ni metre kare 75. Ukiongeza njia za kupita, metre 10 kwa 10 inatosha kwa jamaa ya kawaida kwa kizazi kizima. Haiombi ekta. Inaomba tu itengwe.

Wakati kuko ugonjwa wa kuambukiza

Hapa tuzungumuze wazi. Kati ya tarehe 1 agosti 2018 na tarehe 25 juni 2020, Ebola iligonga Kivu ya Kaskazini na Ituri, na ikagusa Kivu ya Kusini. Watu 3 470 waligonjwa, 2 287 walikufa. Wengi waliambukizwa kilioni, wakiosha mwili na kuukumbatia. Watu wa Beni, Butembo na Mangina wanakumbuka timu za maziko salama na ya heshima, na ugomvi uliokuwa pale mwanzo, juu jamaa ziliona watu wenye mavazi meupe wanabeba wapenzi wao kama mizigo. Nyuma, watu walipoelewana, jamaa ilipewa nafasi yake: kuangalia, kuomba, kuchagua sanduku, kuonyesha pahali.

Kwa hiyo kama mutu amekufa na kutapika, kuhara sana, homa kali ao kutoka damu, usioshe mwili. Ita zoni ya afya ao Croix-Rouge. Hata kolera, ambayo haiachi Uvira, Kalemie na kandokando ya maziwa, inapitia mwili wa mufu na nguo zake. Kuwa na makaburi yenu hakuzuie timu kufanya kazi; mara nyingi wanaweza kuzika pale pale mulipochagua, kama maji iko mbali. Uliza, usifiche.

Kaburi si titre

Tuseme muzee mumoja wa Kavumu amezika baba na mama mu shamba yake. Anakufa. Watoto wanauzisha shamba kwa mufanyabiashara. Mukataba unasema tu: shamba ya ekta moja, pamoja na vyote vilivyo ndani. Mununuzi analeta tingatinga. Watoto wanapiga kelele, lakini mukataba wao wenyewe umemupa vyote.

Kuko njia tatu za kuzuia ile.

Ya kwanza, yenye nguvu kuliko zote: kukata kipande cha makaburi na kukipa namba yake na sertifika yake, kwa jina la warizi wote. Mupimaji wa kadastri anakuja, anaweka bornes, anachora kroki. Inaomba feza, lakini inaomba mara moja.

Ya pili: mu mukataba wa kuuzisha, andika kwamba kipande cha makaburi hakiuzishwi, onyesha vipimo vyake, na andika haki ya kupita. Sheria ya 1973 inajua haki ya namna hii, inaitwa servitude. Hakikisha imeandikishwa kwa konservateri, juu mununuzi wa pili na wa tatu hawatasoma mukataba wako wa zamani.

Ya tatu, kwa udongo wa desturi: PV ya baraza, yenye saini za shefu wa lokalite, majirani wa pande zote ine, na wakubwa wa jamaa. Fanya kopi tatu. Moja ibaki kwa shefu, moja kwa jamaa, moja ipelekwe mbali, kwa ndugu wa muji mwingine. Piga na picha kwa telefone. Katika sehemu ambamo utawala unabadilika na mabiro yanaunguzwa, kopi iliyo mbali njo inaokoa.

Ugomvi ukizuka, anzeni na wazee na shefu. Ikishindikana, kesi za udongo wa desturi na za urizi mudogo zinaanza mbele ya tribinali ya amani. Kesi za titre ziko kwa tribinali kubwa. Na usithubutu kufukua mifupa ya jamaa ingine kwa nguvu, hata kama titre ni yako. Kuhamisha wafu kunaomba ruhusa ya utawala, huduma ya afya ikiwa pale, na wenyewe wakijulishwa. Anayefanya usiku na vijana wa kulipwa, anajitafutia gereza na kisasi.

Waliokimbia vita

Maelfu ya jamaa za majimbo yetu haziko kwao. Wamezika watoto na wazazi mu kambi, kando ya makanisa, mu shamba za watu waliowapokea. Kwao, shauri ni moja: andika. Jina la marehemu, tarehe, pahali, namba ya kaburi kama iko, jina la mwenyi shamba, muti ao jiwe la karibu. Telefone nyingi zinaweza kuonyesha pointi ya GPS. Iandike kwenye karatasi pia. Musalaba wa mbao unaoza haraka. Jiwe lililochongwa jina linakaa.

Ukirudi na ukataka kuhamisha mifupa kwenda makaburi ya jamaa, usikimbilie. Ngojea muda mrefu upite, uliza zoni ya afya, omba ruhusa pale unapotoa na pale unapopeleka. Kama mutu alikufa na Ebola ao ugonjwa mwingine mubaya, sikiliza wanganga kwanza.

Na kama ukirudi ukakuta mwingine amejenga juu ya makaburi yako, daftari yako itakuwa shahidi. Jamaa isiyo na daftari inabaki na maneno tu.

Kutunza

Makaburi isiyotunzwa inakuwa kichaka, na kichaka kinaitwa udongo wa bure. Weka uzio wa miti hai, sawa vile euphorbia ao dracaena, ambayo haiombi feza. Epuka miti yenye mizizi mikubwa juu ya kaburi zenyewe. Simenti si lazima. Jina njo lazima. Chora ramani ndogo: nani amelala wapi. Mara moja kwa mwaka, siku ambayo jamaa itachagua, watoto wote waende kulima majani, na wakubwa wawaonyeshe: huyu ni nani, alizaliwa wapi, alifanya nini. Siku ile ina faida kuliko ukuta.

Kwa kifupi

Mbele ya kuchimba kaburi ya kwanza: angalia karatasi ya udongo, ita jamaa nzima na andika PV, julisha shefu, na mu muji omba ruhusa, pima metre 30 toka maji ya kunywa na zaidi kama ni mutelemuko, tenga kipande na njia yake, fungua daftari. Kila mara mutu anapokufa: sertifika ya munganga, akti ya kifo, ruhusa ya kuzika, jina kwenye kaburi, mustari mupya mu daftari.

Mambo haya yote yanaweza kufanywa siku mbili ao tatu, watu wakiwa wazima na wametulia. Usiku wa kilio hayawezekani. Jamaa iliyo na muzee hai, imuulize sasa, polepole na kwa heshima. Wazee wengi wanangoja tu mutu wa kuwauliza, na wanajua vizuri wanataka kulala wapi.